Kifungu Kutoka Ng'ambo ya Ua

Mwanangu Misheck aliniuliza kama nina akili timamu Jumapili moja ya mwezi wa nane, saa tisa alasiri, mbele ya mke wake na mbele ya chai yangu iliyokuwa ingali moto. Nina miaka sitini na minane. Nimezaa watoto wawili, nimezika mume, na kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa kule Karurumo, ambako wanaume wazima walikuwa wakinyamaza nikiinua kalamu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo.

"Rudia," nikamwambia. "Sikukusikia vizuri."

"Mum, nimekuuliza, uko sawa kwa kichwa?"

"Niko sawa. Wewe je?"

Alielekeza kidole mezani. Hapo palikuwa na kifungu cha majani mabichi ya mgomba, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, kimezungushwa kamba za mgomba mara tatu na mafundo yake yamepangwa sawasawa. Kananu, mke wa Misheck, alikuwa amekiokota chini ya ua wa miiba nyuma ya nyumba alipokwenda kuanua nguo. Alikibeba kwa ncha za vidole mpaka sebuleni, akakiweka mezani, kisha akaenda kukaa kiti cha mbali kabisa.

"Ni ya Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa imewekwa pale anatembeanga asubuhi."

"Na mbona mnakiogopa? Si mfungue tuone?" Nikanyoosha mkono.

Kananu akaruka kitini. "Usifungue! Mama, please, usiguse hiyo kamba!"

Mkono wangu ukabaki hewani. Kananu ni msichana mtulivu, mtoto wa mji wa Maua aliyelelewa vizuri, na katika miaka tisa ya ndoa yao sijawahi kumsikia akipaza sauti ndani ya nyumba.

"Kwani ni bomu?"

"Ni nchoolo, Mama."

"Nchoolo ni nini?"

Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama pazia. Niliona aibu ikimpanda Kananu shingoni mpaka masikioni, maana si kazi ya mke wa mtu kumweleza mama mkwe mambo kama hayo.

"Kwetu Igembe," akaanza, macho yake yako sakafuni, "mwanaume akitaka msichana haendi tu kusema kwa mdomo. Anatafuta miraa ile mzuri kabisa, anaifunga na majani ya ndizi hivyo, inapelekwa kwa wazazi. Wakikataa, inarudishwa vile ilikuja. Lakini ikifunguliwa..."

"Ikifunguliwa?"

"Hiyo ni ndio."

Nilicheka. Ningefanya nini? Nilicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Sisi watu wa Embu tunapanda muguka. Mtu akikuletea muguka, amekuletea muguka. Unatafuna, unashukuru, mambo yamekwisha."

Lakini chini ya sweta yangu moyo ulikuwa ukifanya vituko vyake, na nilimshukuru Mungu kwamba moyo hauonekani.

"Si kitu ya kucheka," Misheck akasema. "Tunajua imetoka kwa nani. Ni huyo mzee wa hapo nyuma."

Huyo mzee wa hapo nyuma ana jina. Anaitwa Riungu, ana miaka sabini na miwili, na kama si yeye, nisingekuwa nikiwasimulia haya. Misheck hakulijua hilo, kwa hiyo siwezi kumlaumu kwa kila kitu. Nitamlaumu kwa nusu.

Mwezi wa tatu, gonjwa lilipoingia nchini, Misheck alifika Karurumo na gari na kunipa dakika ishirini nifunge begi. "Wiki mbili tu, Mum, mpaka hii kitu ipite." Nikaacha kuku wangu, nikaacha mibuni yangu, nikaacha chama changu cha kina mama, nikaja kufungiwa kwake Kinoru, kando ya uwanja wa michezo, katika nyumba yenye vigae vinavyong'aa na geti lenye kufuli. Wiki mbili zikawa miezi. Misheck alikuwa akitoka ofisini, anavua viatu gereji, anaoga kwanza, kisha ananisalimia kutoka mlangoni kwa kunipungia mkono kama mtu anayeaga basi. Kila jioni runinga ilihesabu wagonjwa na wafu, na kila mara walitutaja sisi wenye umri mkubwa. Makanisa yalipofunguliwa tena, waliozidi miaka hamsini na minane tukaambiwa tubaki nyumbani.

Nikaacha kuchana nywele. Nikaacha kumaliza chakula. Usingizi ulinikimbia, na mchana nilikaa kitandani nikitazama ukuta. Siku moja nililia nusu saa nzima kwa sababu kifuniko cha sufuria kilikataa kukaa. Kananu akaninunulia vitamini. Misheck akanipima joto, akaona liko sawa, akaenda kazini akiwa ameridhika.

Basi, asubuhi moja ya mwezi wa tano, nilikwenda nyuma ya nyumba kutupa maji, nikamkuta kuku wa Kananu anachakura sukuma wiki. Nilimgombeza. Nilimgombeza kwa hasira yote ya miezi miwili, kwa Kiembu, kuanzia mamake mpaka ukoo wake. Nilipotulia kupumua, sauti ya mwanamume ikatoka ng'ambo ya ua.

"Mama, usinyamaze. Endelea tu."

Huyo ndiye Riungu. Alikuwa amefanya kazi katika viwanja vya michezo miaka ishirini na sita, akichora kwa chokaa zile njia za wakimbiaji, na alikuwa mjane kama mimi. Watoto wake walikuwa Nairobi, na barabara ya Nairobi ilikuwa imefungwa. Akaniambia anazunguka nyumba yake mara thelathini kila asubuhi, na kwamba upande wangu kuna nafasi ya kutosha kuzunguka pia. Nikamwambia mimi si mbuzi wa kuzungushwa. Kesho yake nikazunguka mara tatu.

Ua wenyewe ni wa kayaba, una miiba mirefu kama sindano za magunia, na hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuupenya. Tulitembea kila mtu upande wake, tukihesabu kwa sauti. Alinifundisha kukaa kwenye kiti na kuinuka bila kujishika, mara kumi. Alinifundisha kusimama kwa mguu mmoja nikishika nguzo ya kamba ya nguo. Mwezi wa sita nilifika mizunguko ishirini. Mwezi wa saba nilianza kulala usiku, nikaanza kudai pilipili kwenye chakula, na Kananu akanisikia naimba jikoni, akatoka mbio kunitazama kama niko mzima.

Siku moja ya manyunyu Riungu aliniambia kitu ambacho hajawaambia watoto wake. Asubuhi ile ya kuku, alisema, alikuwa ametoa suti aliyonunua ya kuzikwa nayo, akaitandika kitandani, na alikuwa amekaa kando yake siku mbili bila kula. "Kisha nikasikia mwanamke anagombana na kuku," akasema, "na kuku anashindwa. Nikasema, wacha kwanza nione huyu ni nani." Nilisimama upande wangu wa ua, mvua ikininyeshea, na nikajua nimekwisha. Kupenda kulinipata mzima mzima, katika umri ambao watu hudhani kinachokupata ni baridi yabisi tu.

Sasa mwanangu alikuwa amesimama mbele yangu na simu mkononi, na kutoka kwenye simu hiyo sauti ya binti yangu Susan ilijaza sebule. Susan ameolewa Siakago, na tangu utotoni hajui kuongea polepole.

"Mum! Ati mzee amekutupia miraa kwa fensi? Na corona hii?"

"Na wewe habari yako, Susan. Watoto wazima?"

"Mum, usinizungushe. Watu watasema nini? Baba hajamaliza hata miaka kumi chini!"

"Kwani akimaliza atapewa cheti?"

Kananu alikohoa ndani ya kiganja chake. Misheck akamkazia macho.

"Nimeongea na Misheck," Susan akaendelea. "Kesho asubuhi anakuleta huku kwangu. Huku ni ukame na mbuzi tu. Hakuna mzee wa kukusumbua."

"Nani amesema nasumbuliwa?"

"Mum, ni uamuzi wa familia," Misheck akasema.

"Familia hiyo ilikaa lini? Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unatembea," akajibu, na nadhani hata yeye hakutaka itoke vile ilivyotoka.

Nikasimama. Siku zile za mwezi wa tano nilikuwa nikisimama kwa kushika meza, kiti, ukuta. Jumapili hiyo nilisimama bila kushika kitu. Nilijua vizuri nikienda Siakago nitapelekwa kwenye chumba kingine, kitanda kingine, ukuta mwingine wa kutazama, na mara hii ng'ambo ya ukuta hakutakuwa na mtu wa kuhesabu nami. Nilijua pia kwamba sitatoka tena nikiwa hai.

"Mwite," nikamwambia Misheck.

"Nimwite nani?"

"Mzee Riungu. Umemtukana kwangu, sasa umtukane mwenyewe, tuone kama unaweza."

Misheck alitoka kwa hasira, akapiga kelele kuelekea uani, "Mzee! Hebu kuja hapa kwa gate!" Akarudi akachukua kile kifungu mezani, akatangulia getini. Mimi nikamfuata na slipa zangu za bafuni, Kananu nyuma yangu, sote tumevaa barakoa kana kwamba tunakwenda kufanya upasuaji.

Naomba mnielewe kuhusu jambo moja. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimemwona Riungu vipande vipande. Niliona kofia nyeupe ikipita juu ya kayaba. Niliona kiwiko. Niliona jicho moja mahali ambapo matawi yameachana kidogo. Sikuwahi kumwona mtu mzima kuanzia juu mpaka chini. Sasa alikuja akizunguka kona ya barabara, akasimama nje ya geti letu, hatua mbili kutoka kwenye vyuma, na ndipo nilipomwona. Ni mfupi kuliko sauti yake. Miguu yake imepinda kidogo kwa nje. Alikuwa amepiga shati pasi mpaka mstari wa mkono ukasimama, na barakoa ilimfunika uso wote isipokuwa macho.

Macho hayo yalinitafuta, yakapita kwa Misheck, yakapita kwa Kananu, yakanipata. Hayakutoka tena. Na yeye pia, nilikumbuka, alikuwa hajawahi kuniona mzima. Nilitamani ningevaa gauni lingine, kisha nikaona macho yake yanavyocheka, nikaacha kutamani.

"Muga," akasalimia kwa Kimeru.

"Mzee, mimi nakuheshimu," Misheck akaanza. "Wewe ni jirani, na wewe ni rika ya baba yangu. Lakini hii ni nini umemwekea mama yangu?"

Riungu akakitazama kifungu mkononi mwa Misheck. "Hiyo ni raba."

"Ni nini?"

"Raba. Viatu ya kutembea. Namba thelathini na tisa."

Misheck akakibonyeza kifungu kwa kidole gumba. Bodaboda ilipita barabarani ikapotea.

"Mama yako anatembea na slipa," Riungu akaeleza. "Kila asubuhi nasikia pa, pa, pa. Siku moja hiyo slipa itamwangusha, na mtu ya miaka yetu akivunja nyonga hiyo ni shida kubwa. Nikapigia Hersi wa duka ya viatu pale town, akatuma na bodaboda. Sasa karatasi sina, na ile mifuko ya plastiki serikali ilikataza. Nikakata jani la ndizi."

"Na size ulijuaje?" Kananu akauliza. Hakuweza kujizuia.

Mzee akainamisha kichwa. "Kuna pahali pale karibu na mfereji, udongo ni laini. Anaacha nyayo. Niliingiza kijiti chini ya ua nikapima."

Mabega ya Misheck yakashuka. Hata alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeambiwa na daktari kwamba si kansa. Kananu akageukia ukuta, mgongo wake ukitikisika. Wote wawili walikuwa wamefurahi, na mimi peke yangu nilisimama pale nikiwa nimepigwa. Nitasema ukweli, kwa maana umri wangu umenipa ruhusa: nilitaka iwe nchoolo. Saa nzima nilikuwa nimecheka na kubishana na kumjibu Susan, na saa hiyo yote, ndani yangu, nilikuwa mwanamke aliyeposwa. Sasa nilikuwa bibi kizee aliyenunuliwa viatu asivunjike nyonga.

"Basi ni hivyo tu," Misheck akasema. "Pole kwa kukusumbua, mzee. Asante kwa raba. Atavaa huko Siakago."

Kicheko kikazimika machoni mwa Riungu. "Siakago?"

"Kwa dada yangu. Kesho asubuhi."

"Atarudi lini?"

"Tutaona."

Riungu alinitazama. Sikumsaidia. Nilikuwa na kiburi changu, na kilikuwa kimeumia. Akaitikia kwa kichwa, akageuka, akapiga hatua tatu kuelekea kwake. Nikahesabu, kwa kuwa alinizoesha kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Ya nne hakuipiga. Akageuka akarudi mpaka pale pale alipokuwa.

"Kijana yangu, nimekudanganya."

"Umenidanganya nini?"

"Ndani ni raba. Hiyo ni ukweli. Lakini karatasi iko. Kwangu kuna magazeti mpaka panya wanayalalia." Alinyanyua mikono yake miwili, akaitazama. "Mimi ni mtu wa Igembe. Baba yangu alinifundisha kufunga nchoolo nikiwa kijana kama wewe. Nilichagua jani. Nikalipitisha kwa moto lilainike. Nikazungusha kamba mara tatu, na nilijua kile nafunga. Nilisema moyoni, huyu ni mama wa Embu, yeye ataona tu majani. Atakata kamba avae viatu. Nitakuwa nimemuuliza na sijamuuliza, na yeye atakuwa amekubali na hajui. Hata hiyo ingenitosha." Akamgeukia Kananu. "Nilisahau kwenu kuna binti wa Maua."

Kananu hakucheka tena. Alikuwa ameshika mdomo juu ya barakoa, macho yamemjaa maji.

"Hapana," Misheck akasema. "Hapana, mzee. Hata hiyo desturi yenyewe umeikosea. Inapelekwa kwa wazazi. Mke wangu amesema hivyo."

"Wazazi wa Ruguru wako wapi?"

Ruguru. Tangu nije Kinoru nimeitwa Mum, nimeitwa Mama, nimeitwa Mama Misheck, nimeitwa wazee wetu na watu wa runinga. Mtu wa mwisho kuniita kwa jina nililopewa na mama yangu alikuwa Nyamu, marehemu mume wangu. Nilikuwa nimemtajia Riungu jina hilo mara moja tu, kando ya ua.

"Wamelala Karurumo miaka mingi," Riungu akajijibu. "Kwa hivyo nilipeleka kwa mwenyewe."

"Mimi ndiye mkubwa wa hii familia!"

"Nani alikuzaa?" nikamuuliza Misheck.

"Mum, usianze."

"Naanza. Nani alikuzaa?"

Alinigeukia, na ndipo nilipoona si hasira tu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unajua nimeona nini, Mum? Runji tulikuwa tunakaa meza moja ofisini. Aliugua siku tisa tu. Tulimzika watu kumi na tano, wale wa mavazi meupe wakamshusha, hata mamake hakuruhusiwa kusogea. Na Baba alikufa nikiwa njiani. Nusu saa, Mum. Nilichelewa nusu saa. Sitaki kukuzika na watu kumi na tano!"

"Na mimi sitaki kuzikwa nikiwa bado napumua!"

Nilipiga hatua kumwendea. Akarudi nyuma. Alirudi kwa mazoea, kwa kunilinda, lakini alirudi, na sote tuliona.

"Unaona?" nikasema, na sasa nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona. "Tangu mwezi wa tatu hujanishika hata mkono. Misheck, sikiliza kitu ambacho sikukuambia. Mwezi wa tano nilikuwa naomba Mungu anichukue. Kila asubuhi. Hapa, kwa nyumba yako safi, na dawa ya mikono iko mlangoni. Sikukuambia kwa sababu ungenipima homa, na homa sikuwa nayo."

"Mum..."

"Hakuna aliyekuwa na ubaya. Wewe unanipenda. Kananu ananipenda, ananipikia uji mzuri. Na bado nilikuwa nakufa. Kile kilinitoa huko ni kutembea, na mtu wa kutembea naye. Sasa unataka kunipeleka Siakago nikae kwa kitanda, ndiyo watu wasiseme. Watu gani? Wako wapi hao watu? Miezi mitano sijaona hata mmoja!"

Misheck akashusha macho kwenye kifungu. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kwa muda mfupi alifanana na yule mtoto aliyekuwa akinisubiri getini pa kiwanda akiwa na njaa.

"Nipe hicho kifungu," nikamwambia.

Hakunipa. Hakuninyima pia. Nikakichukua mkononi mwake.

"Mama," Kananu akasema polepole, "ukifungua..."

"Najua. Umenieleza wewe mwenyewe."

Fundo la kwanza lilikuwa gumu. Vidole vyangu vina baridi yabisi, na Riungu alikuwa amefunga kama mtu asiyetaka upepo umharibie kazi. Hakuna aliyenisaidia. Nilifungua la kwanza kwa kucha, la pili kwa meno, nikiwa nimevuta barakoa kidevuni, na nilimsikia Misheck akiguna. La tatu liliachia lenyewe. Majani yakaanguka kwenye saruji. Raba zilikuwa za kijivu, zenye mstari wa zambarau pembeni, kitu ambacho nisingejinunulia hata kwa kulazimishwa. Nikakaa juu ya jiwe la maua la Kananu, nikavua slipa, nikavaa. Ya kushoto ikaingia. Ya kulia ikaingia. Nikasimama bila kushika kitu.

"Fungua geti," nikasema.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Misheck. Aliweka mkono juu ya mfuko na kuuacha hapo. "Mum, siwezi."

Kananu akamwendea. Akautoa mkono wa mumewe taratibu, akaingiza wake, akatoa ufunguo.

"Imefunguliwa, Misheck," akamwambia. "Kwetu ikifunguliwa, imefunguliwa."

Kufuli likalia. Nilitoka nje ya geti hilo kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Barabara ilikuwa na vumbi, na mlima ulikuwa umejifunika mawingu, na hewa ilinuka moshi wa mahindi ya kuchoma. Nilisikia nyayo nyuma yangu. Misheck alikuwa amenifuata hadi kwenye kizingiti cha geti. Alinyoosha mkono, akasita, kisha akaipandisha barakoa yangu kutoka kidevuni, akaikaza puani, na vidole vyake vikakaa shavuni pangu muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

"Ukae mbali na yeye," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Mita mbili. Tafadhali."

"Mita mbili," nikakubali.

Riungu alikuwa amekwisha kuvuka, amesimama upande wa pili wa barabara, karibu na ukuta wa uwanja. Tukaanza kutembea, yeye kando ile, mimi kando hii, kama tulivyozoea, ila sasa katikati hapakuwa na miiba. Raba hazikupiga kelele yoyote. Tulipofika mbele ya kibanda cha mboga, akasimama.

"Ruguru," akaita, na barakoa ikameza nusu ya jina. "Viatu umefungua. Na ile nchoolo? Umeifungua ama umekata tu kamba?"

Kumbe alikuwa akiogopa. Mwanamume wa miaka sabini na miwili, akivutavuta mkono wa shati alilolipiga pasi kwa ajili yangu. Nilitaka kumjibu kwa Kimeru ili afurahi, na sikujua Kimeru cha kutosha. Kisha nikakumbuka kwamba ndio ni neno moja, kwao na kwetu.

"Ii," nikasema.

Akaweka mkono nyuma ya sikio. "Nini?"

"Ii!"

"Sisikii! Hii kitu ya mdomo!"

Nyuma yangu mwanangu alikuwa bado amesimama getini na Kananu. Mwenye kibanda alikuwa ameacha kupanga nyanya. Wanaume watatu waliokaa juu ya pikipiki zao waligeuka wote. Nami sikuweza kuvuka, maana nilikuwa nimeahidi mita mbili. Basi nikajaza kifua pumzi yote niliyoikusanya miezi mitatu kando ya ua, nikalipaza lile neno mpaka Kinoru nzima ikajua.